Dume Kwanza

Kofia yake ilikuwa ya kaki, imeliwa na jua hadi ukingo ukawa kama sikio la mbuzi mzee. Buti zake za mpira zilinuka dawa ya josho hata Jumapili kanisani. Ukikaa benchi la nyuma yake, sala zako zote zinapanda mbinguni na harufu ya kuua kupe. Tulimwita Bwana Mifugo. Jina lake nalijua, lakini silisemi. Mtu akikutendea kama alivyonitendea mimi, unamwachia jina lake aende nalo.

Nianze na mema yake, maana yalikuwepo, na mimi si mtu wa kumnyima mtu haki yake.

Hakuwa mwongo. Pale kijijini kwetu Buger, watu wote walijua kwamba ukitaka maneno matamu uende kwa katekista, ukitaka ukweli uende kwa Bwana Mifugo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na dume la Kizungu, kubwa, jeusi na jeupe, alilipata shamba fulani la ngano wazungu walipoondoka. Alilitembeza kama bibi harusi. Siku moja akamwita Bwana Mifugo mbele ya watu ili lisifiwe. Bwana Mifugo akalizunguka, akainama, akashika mapumbu ya dume lile kwa viganja viwili kama mtu anayepima maparachichi sokoni, akasimama akajifuta mikono.

"Mwenyekiti, hili lifuge ulipige picha."

"Una maana gani?"

"Nina maana lichinjwe Krismasi. Kuzaa halitazaa."

Mwenyekiti alinuna mwezi mzima. Lakini ng'ombe wake hawakushika mimba, na Krismasi tulikula nyama.

Walipotuhamishia vijijini, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi, nyumba yake ikaangukia jirani na yetu. Katikati palikuwa na ua wa minyaa tu. Mimi nilikuwa mke mpya. Wazazi wangu walitoka Singida kufanya kibarua kwenye mashamba ya ngano, nikazaliwa hapo hapo kambini, nikaolewa na kijana wa Kiiraqw. Shule nilikaa kidogo, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Mume wangu alikuwa mzuri, sisemi uongo. Mrefu, meno meupe, akilima na maksai anapiga mluzi mpaka maksai wenyewe wanatembea kwa mwendo wa wimbo. Mama yake nilimwita Aayo, ndivyo wanavyomwita mama kule. Bwana Mifugo na mume wangu walikuwa marafiki wa kuchangia kata moja ya pombe, kwa hiyo mimi aliniita shemeji.

Na alikuwa shemeji kweli. Wanaume wengine wa kijijini wakikusalimu wanakuwa wameshapita kabla hujaitikia. Yeye alisimama. Akikuuliza habari za asubuhi, alingoja asikie habari zenyewe. Jicho langu liliwahi kuvimba likafunga kabisa, akanitilia dawa ya ndama huku akinituliza, "Tulia shemeji, tulia, usinipige teke." Likapona. Nilimcheka sana, na nilimpenda kama mtu anavyompenda kaka aliyezaliwa na mama mwingine.

Alikuwa na mambo yake ya ajabu. Kazi yake ng'ombe, lakini maziwa hayanywi, anasema yanamfanya awafikirie wagonjwa wake. Anaweza kuingiza mkono kwenye ng'ombe hadi begani kugeuza ndama aliyekaa vibaya, damu mpaka shingoni, anaimba. Lakini mwanamke akipata uchungu nyumba ya tatu kutoka kwake, anachukua baiskeli anakimbia hadi Karatu mjini, harudi hadi asikie mtoto keshazaliwa. Ng'ombe akimfia mkononi analia machozi. Mbwa akimpitia mbele anampiga teke. Na alikuwa na msemo alioupenda: "Mnyama hana aibu, ndiyo maana anapona." Tuliusikia tukacheka. Hatukujiuliza alikuwa anamsema nani.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa hili: dume kwanza.

Mtu akija analalamika, "Bwana Mifugo, jike langu halishiki mimba, nataka nimuuze," hamwachi amalize. "Dume kwanza!" "Lakini jike ndilo..." "Nimesema dume kwanza! Jike akipandwa na dume bovu mwaka mzima, kosa lake liko wapi? Mlete dume." Alikuwa na hasira nalo. Alisema majike wazuri wengi wamechinjwa nchi hii kwa makosa ya madume. Watoto waliligeuza mchezo, wanakimbizana njiani wanapiga kelele: dume kwanza! dume kwanza!

Nakumbuka mzee wa Kimasai aliyeshuka kutoka juu Ngorongoro na dume lake, amevaa shuka jipya jekundu na fimbo yake, amefika kwa heshima zote. Hakuja kupimiwa dume. Alikuja kuomba dawa ya majike.

"Dume kwanza, mzee."

"Hapana. Hii ng'ombe mimi najua baba yake. Najua babu yake. Babu yake ilijaza boma."

"Mzee, babu yake namheshimu. Lakini babu hatapanda."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Basi dume likapimwa. Alikuwa na kifaa kama mpira mrefu, ndani kinatiwa maji ya vuguvugu. Jike linasimamishwa, dume likiruka, yeye anachomeka ule mpira haraka, dume linadhani limefika kumbe limedanganywa. Wanawake tulikuwa tunachungulia juu ya minyaa tunaibana midomo. Kisha tone moja linawekwa kwenye kioo, kioo kinawekwa chini ya darubini, ile darubini aliyopewa na serikali kwa ajili ya kutazama ugonjwa wa ndigana kwenye damu ya ng'ombe.

Siku hiyo aliniita. "Shemeji, njoo uone kitu ambacho hata mke wa mkuu wa wilaya hajakiona."

Kwanza alinionyesha tone la dume la shirika, lile la kijiji. Nikaweka jicho. Mungu wangu! Walikuwa wanakimbia kama viluwiluwi kwenye dimbwi baada ya mvua, mikia inapiga, wanapigana vikumbo, kama watu wanaogombea sukari ya mgao. Kisha akaweka tone la dume la mzee wa Kimasai. Kimya. Vidude vya mviringo, vimekaa tu, kama punje za mtama zilizomwagika mezani. Hakuna mkia hata mmoja.

"Hawa wamekufa?" nikauliza.

"Hawajafa. Hawajamalizika kutengenezwa."

Akanieleza, na maelezo yale nayakumbuka kuliko Katekisimu. Alisema kila chembe ya mwili imebeba amri zote za mnyama: amri ya pembe, ya ukwato, ya rangi ya ngozi. Zote ziko ndani, lakini zimefungwa. Kazi ya mwili ni kufungua amri sahihi, mahali sahihi, siku yake ikifika. Ndani ya mapumbu amri zinafunguliwa kwa zamu: kwanza mbegu zigawanyike, kisha zipunguzwe nusu, kisha zivalishwe kofia, kisha zioteshwe mkia. Amri moja isipofunguliwa, kazi yote inasimama pale pale. Dume linakuwa na nguvu, linapanda, lina sauti, lina kila kitu, ila mbegu zake zimekwama njiani.

"Na nani anafungua?"

"Hapo hata walimu wangu chuoni walikuna kichwa. Kuna kitu humo humo ndani kinachoiamsha amri. Kikilala, basi."

"Kosa la nani?"

"La hakuna mtu. Amezaliwa hivyo. Si uchawi, si laana, si jike."

Mimi nilimwelewa kwa njia yangu. Mpika pombe anajua: ulezi una pombe ndani yake tangu uko shambani, lakini usipolowekwa ukaota kimea, hata uuchemshe mwaka mzima utapata uji. Juzi mjukuu wangu anayesoma sayansi alikaa jikoni kwangu ananieleza habari za vinasaba, jinsi vinavyowashwa na kuzimwa, anaongea taratibu kama anamwonea huruma bibi yake. Nikamwambia, mwanangu, hayo nimeyaona kwa jicho langu mama yako hajazaliwa. Akadhani natania.

Nina wajukuu wengi, na kila mmoja ana kichwa kigumu kama changu. Nasema hivi kwa sababu kwenye kijiji kile niliitwa mgumba.

Mimba haikuja. Mwaka ukapita, ukapita na mwingine. Aayo alianza kwa upole: "Kula vizuri, binti yangu." Kisha mizizi. Kisha mganga mmoja akanichanja tumboni kwa wembe, chale hizi ninazo mpaka leo, nikioga nazipitia kwa kidole. Kisha matusi. Nikipita kisimani wanawake wanawafunika watoto wao nisiwatazame. Nilikwenda hospitali ya misheni kwa miguu. Daktari akanipima, akasema, "Mama, wewe huna shida, mwambie mumeo aje." Nikamwambia mume wangu. Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Mimi niende nikavuliwe suruali na mzungu kwa sababu wewe huzai?" Hakwenda.

Asubuhi moja nikaenda kwenye minyaa. Bwana Mifugo alikuwa anaosha buti zake.

"Shemeji," nikamwambia, "kwa ng'ombe unasema dume kwanza. Kwa watu je?"

Hakuinua kichwa. Aliendelea kusugua buti, buti ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Watu si ng'ombe, shemeji."

Nikafikiri ni heshima. Nikafikiri hataki kuingia ndani ya nyumba ya rafiki yake. Nikamshukuru hata. Nilimshukuru!

Nikarudishwa kwetu. Desturi inasema mke akirudishwa hajazaa, ng'ombe wa mahari nao wanarudi, na wanaorudi wasiwe wagonjwa wala tasa. Sasa nani atahakikisha kwamba si tasa? Walikuja kuwachukua hadi kambini kwa wazazi wangu, wazee wa ukoo wa mume wangu, na Bwana Mifugo katikati yao na kofia yake. Baba yangu aliwatoa mitamba wake mmoja mmoja, mzee wa watu, kwa aibu. Nami nimesimama mlangoni na sanduku langu. Bwana Mifugo akavua shati, akajipaka sabuni mkono, akauingiza ndani ya mtamba wa kwanza. Akatoa mkono.

"Huyu hana tatizo."

Akaenda kwa wa pili. "Na huyu hana tatizo. Huyu ana mimba tayari."

Wazee wakafurahi. Mama yangu akampelekea maji ya kunawa. Aliponyoosha mikono juu ya beseni macho yetu yakakutana, akayashusha. Nikadhani ananihurumia. Kwa miaka kadhaa niliitunza ile huruma kama kitu cha thamani.

Mungu si Athumani. Niliolewa na dereva wa trekta kutoka Dodoma, mtu mfupi, mcheshi, hajui hata kupiga mluzi. Mwaka haukuzunguka nikapata mtoto wa kike. Kisha mapacha. Kisha wengine. Nilidhani jina langu limesafika. Wapi! Kule Buger walisema: mnaona? Anazaa! Kwa hiyo alikuwa amejifunga kwa makusudi, alimchukia kijana wetu. Na mke wa pili aliyeolewa baada yangu naye hakushika mimba, wakasema: yule mwanamke wa Singida ameiacha nyumba imefungwa. Sikuwa mgumba tena. Nikawa mchawi.

Huyo mke wa pili alinijia mwenyewe. Ilikuwa siku ya mnada Karatu, mimi nauza uji, ile miaka sabuni haionekani, watu wananukia majivu. Alikuja akijifanya anatafuta sabuni. Msichana mdogo, shingo nyembamba, kanga imefungwa vibaya. Nilijua ni nani kabla hajasema. Na niliziona chale, zimetokeza juu ya kanga, bado mbichi.

"Dada," akaniambia, "mimi sijaja kwa shari."

"Kaa. Kunywa uji."

Alikunywa kikombe chote kabla hajaongea. Kisha akasema, haraka haraka, kama mtu anayetapika: "Juzi alilewa. Nilikuwa nalia tumbo linaniuma kwa zile dawa. Akaniambia nisijisumbue, zile dawa hazina maana, kwa sababu Bwana Mifugo alishampima. Zamani, wewe bado upo. Alimpelekea mbegu zake kwenye kichupa, amekibana kwapani kisipoe. Bwana Mifugo akatazama kwenye ile darubini yake akamwambia hamna kitu, zimekwama. Asubuhi nilipomuuliza akanipiga kofi, akasema nimeota. Sasa wanataka kunirudisha kwetu Mbulu. Wazee wanakaa wiki hii. Dada, nani ataniamini mimi?"

Nilikaa. Nilikuwa nimeshika kile kikombe chake kitupu, sikijui kama ni kikombe. Sikumfikiria mume wangu wa kwanza hata kidogo. Mwanamume kuogopa, hilo nalijua, mwanamume ni kiumbe mwoga. Nilifikiria buti ile iliyosuguliwa imeshatakata. Nilifikiria mkono wenye sabuni, sauti inasema, huyu hana tatizo. Alikuwa anajua. Siku ile mlangoni kwa baba yangu alikuwa anajua kwamba mimi nami sina tatizo, akalisema neno hilo juu ya mitamba, mimi akaniacha niondoke na jina la utasa.

Nilimkuta joshoni. Amezeeka kidogo, kofia ile ile. Alifurahi kuniona, hilo ndilo lililonikata. "Shemeji! Habari za siku nyingi!" Akangoja jibu, kama kawaida yake.

"Ulimpima," nikamwambia.

Hakujifanya haelewi. Alisogea pembeni, mbali na vijana waliokuwa wanaswaga ng'ombe majini.

"Aliniapisha, shemeji."

"Na mimi nani aliniapisha nichanjwe tumbo?"

"Ni rafiki yangu. Alilia mbele yangu kama mtoto. Angejinyonga. Mwanamume akiambiwa hivyo kijiji kizima... Wewe hujui."

"Sijui? Mimi niliambiwa na kijiji kizima. Mbona sikujinyonga?"

Ng'ombe mmoja akaruka ndani ya josho, maji yakaturukia wote wawili.

"Lakini wewe mambo yako yalikwisha vizuri," akasema. "Una watoto. Nilifurahi niliposikia. Kweli nilifurahi."

"Ungeniambia mimi peke yangu. Pale kwenye minyaa. Nisingemwambia mtu."

"Ungejua, ungefanya nini?"

"Ningelala usingizi."

Basi, sikwenda pale kulia. Nikamwambia habari za binti yule na chale zake. Nikamwambia wazee wanakaa lini. Sikumwomba amtukane rafiki yake. Nilimwomba sentensi moja tu: aseme kwamba binti hana kosa. Aniache mimi na uchawi wangu, nimeshauzoea, lakini yule mtoto apate kurudi kwao na jina safi, aolewe na mtu mwingine, azae.

Alivua kofia akajifuta uso. "Nitakuja," akasema. "Hilo nitalisema."

Akaja. Siku ile nilivaa gauni langu la kanisani nikawashika mapacha wangu mikono, nikaingia kwenye ua ule ambao niliufagia miaka yangu ya ujana. Wazee wamekaa kwenye vigoda, pombe katikati. Aayo amekaa ukutani na wanawake, amepungua mwili, alipowaona mapacha akageuza uso. Binti yuko peke yake karibu na zizi. Bwana Mifugo alikuwa amekaa kando ya mume wangu wa zamani, magoti yao yanagusana, wanapokezana kata.

Nilisema niliyokuja kusema. Nilisema binti hana kosa na mimi sikuwa na kosa, na mtu anayejua amekaa hapo. Mzee wa ukoo akamgeukia.

"Bwana Mifugo, wewe hatujawahi kukushika na uongo. Huyu mwanamke anasema unalijua jambo hili. Unalijua?"

Aliitazama kata mkononi mwake. Mume wangu wa zamani hakuinua uso. Niliona jasho limemtoka kwenye panja, na nusu yangu ilimhurumia, wallahi.

"Wazee," Bwana Mifugo akasema, "mimi nimesomeshwa na serikali nitibu ng'ombe. Ya watu siyajui."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, kicheko kile cha watu walioshushiwa mzigo. Kata ikajazwa tena. Mzee akaniambia, kwa upole, kwamba nimekosea kuleta watoto wangu kuwatambia wenzangu. Kisha akamwambia binti akafunge vitu vyake, kesho wampeleke kwao.

Nikamwambia binti, hakuna kesho, funga sasa hivi. Hakuwa na vitu vya kufunga. Kanga mbili, sufuria, picha ya Bikira Maria.

Tulipofika njiani nilisikia buti zinakuja nyuma yetu, zinapiga kwap, kwap. Alikuwa anahema. Mapacha wangu walikwenda mbele wakisukumana.

"Shemeji. Shemeji, subiri. Usinielewe vibaya."

Nikageuka. "Nimekuelewa vizuri, Bwana Mifugo. Hicho ndicho kinachouma."

Akanyoosha mkono tuagane. Mikono yangu miwili yote ilikuwa na kazi: mmoja umebeba furushi la binti, mwingine umemshika binti mwenyewe.